Ekografi ipande hadi Bijombo

Mama mjamzito wa Bijombo, kwenye milima ya Kivu Kusini, Kongo, akizidiwa, hulazwa kwenye machela na vijana wakampokezana kuteremka milima hadi Uvira. Ekografi, mashine ya kupiga picha ndani ya mwili, isingoje siku hiyo. Imfuate huko huko juu, mapema.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apigwe ekografi angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Kasoro adimu za mtoto, kama kichwa kujaa maji au uti wa mgongo usiofunga, zinaweza kuonekana tumboni. Hata baada ya kuzaliwa, utosi ungali laini: muuguzi akiuwekea kichwa cha mashine, ubongo unaonekana kwenye kioo, bila mionzi. Hospitali ya CURE ya Mbale, Uganda, imekuwa ikiwafanyia upasuaji watoto wenye kasoro hizi kwa zaidi ya miaka 20 sasa. Anayecheleweshwa, ubongo wake hubanwa ukaharibika.

Mashine za betri siku hizi zinaenea kwenye mkoba. Serikali ya Kivu Kusini ipeleke moja pamoja na paneli ya sola, lakini kwanza imfundishe muuguzi anayeishi Bijombo. Picha isiyo na msomaji haimtibu mtu. Na bajeti ihesabu nauli ya mgonjwa hadi kwa daktari wa upasuaji.