Kamera Tulibeba, Negativu Tukaacha

Wasee, leo siposti kamera. Leo nakiri kosa.

Kama umekuwa hapa kitambo, rafu yangu unaijua. Kuna Zenit-E ya Wasovieti na lenzi yake ya Helios. Kuna Pentax K1000. Kuna kamera mbili ndogo za plastiki ambazo hata sizitaji. Halafu kuna malkia mwenyewe, Yashica Mat-124G, ile ya macho mawili, moja juu ya lingine, ambayo unaishika tumboni na kuinama kama mtu anayechungulia kisima. Video ya hiyo Yashica ndiyo ilileta wengi wenu hapa. Mliniuliza niliitoa wapi nikawajibu, "Ushago, bahati tu." Nilikata stori katikati. Leo naimalizia.

Mimi ni wa Butali. Kama hujawahi kufika, ni senta iliyo kwa barabara ya kutoka Kakamega kwenda Webuye, kule Kabras, mahali trela za miwa zinapita siku nzima na watoto wanazifuata mbio wakivuta miwa. Zamani kulikuwa na studio ya picha kando ya hiyo barabara. Mimi sikuikuta. Wazee wanaikumbuka: chumba kimoja, benchi, na pazia lililochorwa maua na ngazi ambazo haziendi popote. Ukioa, unaenda hapo. Mtoto akibatizwa, hapo. Ukipata kazi ya kwanza kiwandani, unanunua shati, unaenda hapo.

Miaka mitatu iliyopita, likizo ya Agosti, jamaa wa boda aliniambia mjane wa yule mpiga picha bado ana kamera ya mzee. Jioni hiyo hiyo nilikuwa kwake. Kukhu akanipa chai na viazi vitamu, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia babu yangu. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyo mzee wangu alimpiga picha akiwa na suruali ya kuazima!"

Akatoa kamera ikiwa imefungwa kwa leso. Nikampa elfu sita. Najua Nairobi ningelipa mara mbili, na yeye hakujua. Hilo pia nalikiri.

Kisha akaingia ndani tena, akarudi na mikebe mitatu ya Kimbo, ile mikubwa, na daftari la shule. "Na hizi je, mwanangu? Zote zilitoka kwa hiyo kamera." Nikafungua mkebe mmoja. Negativu, mamia, kila moja ndani ya bahasha ndogo ya karatasi iliyoandikwa namba. Nikaangalia begi langu. Nikamwambia, "Hizo hapana, kukhu. Hazina kazi."

Nikapanda boda nikaenda kupiga video ya kufungua leso.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Januari, mama mmoja jirani yetu akafariki. Kwa sababu mimi ndiye mtu wa picha kijijini, familia ikaniomba nitengeneze kijitabu cha mazishi. Nikawauliza picha. Wakatafuta siku mbili. Watoto wake saba, wote wana simu, na picha yake pekee iliyokuwa ikionekana uso vizuri ilikuwa ile ya kitambulisho. Unajua picha ya kitambulisho. Nikaikuza mpaka uso ukawa vitone, macho hayaonekani yanaangalia wapi.

Ndipo shemeji yake akasema, "Lakini huyu alipigwa picha akiwa msichana. Pale studio. Tulienda pamoja."

Nilienda kwa kukhu mbio. Nikamuuliza ile mikebe iko wapi. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, kama mtu anayetaka kuhakikisha alisikia vizuri: "Si ni wewe ulisema hazina kazi?" Alikuwa amehitaji mikebe ya kuweka mbegu. Negativu zilichomwa na takataka za shamba. Daftari alikuwa ameliacha kwa sababu lilikuwa na mwandiko wa mzee.

Tukalifungua pamoja. Tulimpata. Namba 1147, jina lake la usichana, Aprili 1979. Mbele yake mzee ameandika: "Nusu mwili, na dada yake. Amelipa."

Tulimzika na picha ya vitone.

Sasa, maoni yangu ndiyo haya, na najua kuna mbogi ya kamera itakasirika: sisi vijana tunaopenda kamera za zamani tunafanya uharibifu na kuuita mapenzi. Tunazunguka ushago, tunanunua vyuma na vioo, tunavipangusa, tunavipanga kwa rafu. Kile ambacho hizo kamera zilifanya kwa miaka thelathini tunakiacha kwenye mikebe. Yashica yangu ilitengenezwa kiwandani Japani kati ya 1970 na 1986, na zingine kama hiyo ziko nyingi tu duniani. Ukitaka moja leo, andaa pesa, utaipata. Namba 1147 ilikuwa moja. Kwa hivyo kati ya vitu viwili nilivyoonyeshwa jioni ile, nilichukua kile cha bei rahisi.

Mtu ataniambia negativu za maana ni za watu wa maana. Ngoja. Priya Ramrakha alizaliwa Nairobi 1935. Alipiga picha za Kenya ikielekea uhuru, akafanya kazi na majarida makubwa ya Marekani, Time na Life, akauawa 1968 akiwa kazini kwenye vita vya Biafra, Nigeria. Miaka mingi kazi yake nyingi haikuonekana. Baadaye sana ndugu wa familia yake akazipata picha na negativu zikiwa zimewekwa gerejini, hapa hapa Nairobi. Kitabu kikatoka 2018. Mtu aliyepigia Life picha, na kilichookoa kazi yake ni kwamba hakuna aliyeamua kusafisha gereji. Kule Zanzibar, Capital Art Studio ilifunguliwa 1930 na Ranchhod Oza, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Watu wanaenda pale kuona Mji Mkongwe ulivyokuwa, kwa sababu familia moja ilishikilia picha zake.

Ramrakha alikuwa na ndugu wa kumtafuta. Oza alikuwa na mtoto aliyependa kazi. Mzee wa Butali alikuwa na nani? Alikuwa na mimi, na mimi nilikuwa na haraka.

Na muda hautusubiri. Negativu nyingi za miaka hiyo zimetengenezwa kwa plastiki ya asetati. Joto na unyevu zinaifanya ioze taratibu, na ikianza kuoza inatoa harufu ya siki. Ukifungua mkebe ukasikia siki, jua kazi imeanza. Filamu itajikunja, itasinyaa, na hakuna dawa ya kuirudisha. Unaweza kuipunguzia mwendo tu. Sasa fikiria Kakamega, na mvua zetu hizi. Kuvu ile ile inayokula lenzi zetu, ile inayojichora ndani ya kioo kama utando wa buibui, inapenda negativu pia. Lenzi tunaiwekea vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Negativu tunaziachia panya.

Haya, cha kufanya. Si kigumu.

Moja: kabla hujauliza bei ya kamera, uliza, "Negativu ziko?" Zikiwepo, kamera ingoje. Uliza pia daftari. Bila majina, una nyuso tu.

Mbili: zitoe kwenye mkebe. Mkebe uliofungwa unaweka ndani ule mvuke wa siki, na mvuke huo unaharakisha kuoza. Bahasha za karatasi, ndani ya katoni, mahali pakavu, juu ya sakafu. Zile zenye harufu zikae mbali na zingine. Shika kwa kingo. Usioshe na maji, tafadhali, hata kama zina vumbi.

Tatu: zipige picha. Hapa ndipo vifaa vyetu vinapata kazi ya heshima. Weka skrini nyeupe ya tabuleti, inua negativu juu yake kidogo ili vitone vya skrini visionekane, zima taa za chumba, piga kutoka juu, kisha geuza rangi kwa programu yoyote ya picha. Simu nzuri inatosha kuanza. Ukiwa na kamera ya dijitali, Helios ya zamani na pete za kusogeza lenzi mbele zitafanya kazi safi. Negativu ya Yashica ni ya mraba wa karibu sentimita sita kwa sita, zaidi ya mara tatu ya eneo la filamu ya kawaida ya milimita 35. Unaweza kuhesabu vifungo vya shati.

Nne, na hii ndiyo tutagombana: usiziposti. Najua inauma. Najua picha ya msichana wa 1979 mbele ya ngazi zilizochorwa ingepata laiki kuliko kila kitu nimewahi kuweka. Lakini yule msichana alilipia picha yake, na hakulipia iwe kontenti yangu. Mrudishie mwenyewe. Akiwa ameenda, warudishie watoto wake. Wao wakisema weka mtandaoni, weka. Wakikataa, umeshafanya kazi yako.

"Sasa mimi napata nini?" Swali la haki. Filamu ni ghali. Rola moja ya rangi mara ya mwisho niliinunua kwa zaidi ya elfu mbili, na bado hujaisafisha. Hakuna anayenilipa kuchunguza mikebe ya watu. Jibu langu ni kwamba hii ndiyo shule ya bure iliyobaki. Kwa kuangalia negativu za studio nyingine niliyoifuata Malava, nimejifunza taa kuliko video zote nilizotazama. Mzee yule alikuwa na dirisha moja na shuka jeupe, na kila uso umetoka.

Na ufundi wenyewe haujafa. Filamu nyeusi na nyeupe sasa nasafisha jikoni: kahawa ya unga, soda ya kufulia na vitamini C. Wanafunzi wa chuo kimoja cha Rochester, Marekani, ndio walionyesha mwaka 1995 kwamba kahawa inaweza kusafisha filamu. Kahawa tunalima wenyewe, na soda hiyo ni ukoo mmoja na ile inayotengenezwa kutoka kwa magadi ya Ziwa Magadi. Dawa ya kukazia picha bado nanunua, hiyo haina mkato. Mama analalamika harufu, na ana haki.

Sijaacha kupenda kamera, msinielewe vibaya. Bado nikigeuza mkono wa Yashica na kusikia ile sauti yake, roho inatulia. Rola moja inanipa picha 12 tu, kwa hivyo siwezi kufyatua ovyo. Inabidi niongee na mtu kwanza. Kilichobadilika ni kwamba sasa nina daftari. Namba, jina, tarehe, nani yuko kulia, nani yuko kushoto. Picha ya kwanza kwenye daftari hilo ni ya kukhu mwenyewe, amekaa nje ya nyumba yake. Nilimpelekea nakala, na nikamwongezea pesa ya kamera niliyokuwa nimempunja. Pesa alipokea. Picha aliiangalia sana, akaniambia nimemkata miguu. Mzee wake hangefanya hivyo.

Kwa hivyo ombi langu ni moja. Disemba inakuja na wengi wenu mtapanda gari mwende nyumbani, iwe ni Butali, Bondo, Voi au kwingine. Usiku mkishamaliza kula, uliza wazee swali hili: "Zamani mlikuwa mkipigiwa picha wapi?" Utatajiwa jina. Kesho yake tafuta hiyo familia. Nenda na bahasha, usiende na begi la kamera.

Na wakikutolea mkebe, chochote utakachosema, usiseme hazina kazi.