Baridi ya Julai Inasingiziwa

Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba, mguu huota tende. Ndugu wanafunzi na walimu wetu wapendwa, mimi nilidharau unyevu, nikavuna msiba.

Kila Julai hapa Elburgon, ukungu wa Mau unapotushukia hadi mlangoni, huwasikia wenzangu wanaofuga simbilisi wakisema, "Baridi imemaliza wangu." Mwaka jana hata mimi nilisema hivyo. Leo natamka waziwazi kwamba tunaisingizia baridi.

Asili ya simbilisi ni milima ya Andes, huko Amerika Kusini, ambako baridi si ngeni. Tena mtoto wake huzaliwa na manyoya, macho yakiwa wazi. Hapo ndipo tunapopotoka, tukadhani hahitaji lolote. Wangu niliwaweka katika sanduku chini, nje ya jikoni. Mvua ya jioni iliwarukia, mkojo ukajaa, nami alfajiri nilikuwa mbio kuwahi shule. Asubuhi moja nilikuta watoto watatu wamekauka. Nikalia, kisha nikaja darasani nikasema ati ni baridi.

Nyanya yangu ndiye aliyenifungua macho. Alichukua nyasi za sandukuni akazikamua, maji yakachuruzika. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, wewe ungelala hapa ungeamka?" Sikuwa na jibu.

Basi niliinua sanduku juu ya miguu ya mbao, nikaligeuza lisielekee upepo. Usiku nalifunika kwa gunia, lakini naacha nafasi juu, kwa maana harufu ya mkojo iliyofungiwa huwaumiza mapafu. Mji wetu ni wa mbao, kwa hivyo maranda hayakosi kwa seremala. Chagua makavu yasiyo na vumbi, na uepuke ya mtarakwa kwa sababu ya harufu yake kali. Juu yake natandaza nyasi kavu nyingi, wajifiche ndani. Palipolowa naondoa kila jioni.

Wako wanaowaingizia jiko la makaa usiku. Wacheni mara moja! Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, na huua mnyama pamoja na mwenye nyumba. Afadhali chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwa kitambaa.

Tusisahau chakula. Mwili wa simbilisi, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Ukimlisha nyasi kavu pekee atadhoofika, na maradhi yatamkuta hana nguvu. Mpe sukuma wiki na nyasi mbichi kila siku. Akikataa kula, akitoa makamasi au akipumua kwa shida, usingoje kesho. Mwite daktari wa mifugo.

Najua mtaniambia, "Sisi ni wa kutwa, tunafika nyumbani giza limeingia, na kazi ya ziada inatungoja." Hata mimi ni wa kutwa. Kazi hii hunichukua dakika kumi tu kwa taa. Asiye na dakika kumi asifuge, ampe mwenzake aliye nazo. Simbilisi hakuja kwetu kwa miguu yake, tulimleta sisi.

Julai hii baridi ilikuwa ile ile. Sikuzika hata mmoja.