Mradi wa tarakilishi haukamiliki siku ya uzinduzi

MIRADI ya teknolojia ya habari hapa nchini aghalabu husherehekewa mara mbili: siku inapotangazwa na siku utepe unapokatwa. Kazi halisi huwa baina ya siku hizo mbili, na hasa baada yake, wakati macho ya umma yamekwisha kugeukia kwingine.

Mwanafunzi anayetahiniwa somo la Kompyuta katika KCSE analijua hili vyema. Karatasi ya tatu humtaka aunde mfumo wake mwenyewe na kueleza, hatua kwa hatua, jinsi alivyolitambua tatizo, akalichanganua, akausanifu mfumo, akauunda, akaujaribu na kuandaa mwongozo wa mtumiaji. Anayeruka hatua hupoteza alama. Mbona basi mtoto aadhibiwe kwa kosa ambalo watu wazima hulifanya kwa mabilioni ya fedha za umma?

Tuchukue mfano wa mradi wa vipakatalishi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza. Ahadi ilitolewa katika kampeni za uchaguzi mkuu wa 2013. Hiyo ilikuwa hatua ya wazo. Iliyopasa kufuata ni hatua ya upembuzi yakinifu: Je, shule zina umeme? Zina vyumba salama? Walimu wana ujuzi? Maswali hayo yalipamba moto baada ya ahadi kutolewa, wala si kabla. Zabuni ilifutiliwa mbali mwaka wa 2014, na maelfu ya shule za msingi zikabidi kuunganishiwa umeme kwanza.

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Mradi uliporejea mwaka wa 2016 ulikuwa na sura tofauti. Wanafunzi walitengewa vishikwambi, walimu wakapewa mafunzo, na majaribio yakafanywa katika shule 150 kabla ya vifaa kusambazwa kote nchini. Hatimaye vifaa zaidi ya milioni 1 vilifika katika shule zaidi ya 20,000. Ni bayana kwamba hatua zinapofuatwa, kazi husonga mbele.

Wapo wanaodai kwamba taratibu hizi ni urasimu unaomchelewesha mtoto. Hatukubaliani nao. Kosa linalogunduliwa katika karatasi ya mpango hufutwa kwa kalamu. Likigunduliwa baada ya vifaa kununuliwa, hulipiwa na mlipa kodi. Kilichowachelewesha watoto baada ya 2013 si wingi wa hatua, bali ni kuanza safari kabla ya kuipima njia.

Inayosahaulika zaidi ni hatua ya mwisho, yaani udumishaji na tathmini. Kishikwambi si dawati. Betri yake huchoka, kioo huvunjika, programu huzeeka, na mwalimu aliyefunzwa kukitumia huhamishwa. Shule isiyotengewa fedha za matengenezo hujikuta na kabati lililojaa vifaa bubu.

Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka wa 2016 ndiye aliyefanya mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka wa 2023. Ameipitia shule yote ya msingi. Je, alijifunza nini kwa vifaa hivyo? Kila shule yapaswa kuweza kulijibu swali hili kwa ushahidi, maana bila jibu hilo mradi utakaofuata utayarudia makosa yale yale.

Tunatoa wito kwa wizara zinazohusika kuhakikisha kwamba kila mradi wa tarakilishi shuleni unatengewa, tangu siku ya kwanza, fungu la matengenezo na siku maalumu ya tathmini ambayo matokeo yake yatawafikia walimu. Walimu nao washirikishwe wakati tatizo linapochanganuliwa, wasiitwe tu siku ya kupokea masanduku. Na walimu wakuu waweke daftari la kila kifaa: kinatumiwa na nani, kiliharibika lini, nani alikitengeneza.

Nanyi wanafunzi, msizichukulie hatua hizo kuwa za kutafutia alama tu. Kesho nyinyi ndio mtakaoketi kwenye meza za kupanga miradi ya taifa. Kumbukeni wakati huo kwamba kutangulia si kufika, na asiyeziba ufa hujenga ukuta.