Hamali wa Moyo Asidharauliwe

Wapo wanaodai kwamba ni ubadhirifu kuwalipa wanasayansi wachunguze vitu visivyoonekana kwa macho ilhali wananchi wana njaa. Mimi siafikiani nao hata kidogo.

Hebu tuutazame moyo. Kiungo hiki hupiga takriban mara 100,000 kwa siku wala hakijui likizo. Nguvu zake hutokana na mitokondria, vijitanuri vilivyosheheni katika kila seli ya moyo hata vikatwaa karibu thuluthi moja ya nafasi iliyomo. Kuni zake, kwa sehemu kubwa, ni mafuta. Lakini asidi ndefu za mafuta haziwezi kuupenya utando wa ndani wa mitokondria bila kubebwa, na mbebaji ni karnitini. Hushikanishwa na mafuta mlangoni, ikayavusha, ikayatua ndani, kisha ikarudi kuchukua mzigo mwingine, mithili ya hamali wa bandarini.

Karnitini iligunduliwa katika nyama mwaka wa 1905, na kwa miaka mingi kazi yake haikujulikana. Mwaka wa 1952 watafiti nchini Marekani walibaini kuwa ndicho kirutubishi ambacho mabuu wa mdudu wa unga walikihitaji ili wakue. (Nawasikia wabishi wangu wakicheka.) Miaka mitatu baadaye, Irving Fritz alionyesha kuwa huchochea uchomaji wa mafuta mwilini.

Sasa twende Visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya ufalme wa Denmark, ambako wakazi ni kiasi cha 50,000 tu. Huko, takriban mtu mmoja katika kila 300 amerithi kasoro kutoka kwa wazazi wake wote wawili: mlango unaoingiza karnitini katika seli ni mbovu, na figo huimwaga katika mkojo. Hamali hayupo, mzigo umelala nje, na moyo unakosa kuni. Vijana walioonekana wazima wa afya walianguka wakafa ghafla. Baadhi yao walikuwa wametumia dawa za kuua bakteria zenye asidi ya pivaliki, ambayo hujishikiza kwa karnitini na kutoka nayo mwilini. Fikiria, msomaji, mzazi anayemnunulia mwanawe dawa ya maradhi madogo!

Mwaka wa 2009 visiwa hivyo vilianza kuwapima wananchi damu. Waliopatikana na upungufu hupewa karnitini ya kumeza kila siku, na moyo hupata chakula chake. Tiba si upasuaji, wala si mashine ya mamilioni. Lakini nani angeijua, kama hakuna aliyekwisha kuuliza mafuta huingiaje katika kitanuri kisichoonekana?

Atakayesema kwamba unga waliolishwa mabuu wale ulipotea bure, na afunge safari hadi Faroe akawaambie wazazi wa huko.