Uwanja wa Gofu Ukikauka, Uacheni Ukauke



Wapo wanaouliza gofu inatuhusu nini sisi wanawake wa Moa. Inatuhusu kwa sababu ya maji. Kila pwani inapotafutiwa watalii, huku Tanga au huko visiwani, gofu haikosi kutajwa, na picha inayoletwa ni ya majani mabichi kama mpunga wa masika. Sasa Januari na Februari, kaskazi inavuma na mvua hakuna, majani hayo yatanyweshwa nini? Uwanja mmoja wa mashimo 18 katika nchi kavu unaweza kumaliza lita zaidi ya milioni moja kwa siku. Sisi huku dumu la lita 20 tunalihesabu.

Hatusemi gofu isije. Pale Vipingo, Kilifi, Desemba 2019 wanawake wa kulipwa walishindana na Esther Henseleit wa Ujerumani akatwaa kombe. 2024 akalichukua Shannon Tan wa Singapore. Kwetu Tanzania yupo Madina Iddi. Tunachokataa ni hilo sharti la kijani mwaka mzima, maana mchezo wenyewe haulihitaji. Mwaka 2006 kule Hoylake, Uingereza, kiangazi kiliukausha uwanja mpaka ukawa rangi ya kaki. Mpira ukigusa chini unabingirika mbali, basi Tiger Woods akaiacha fimbo yake kubwa mfukoni, akaitoa mara moja tu kwa siku nne, na akashinda. Penye upepo na ardhi kavu mpira hupigwa chini chini, kama mvuvi anavyopunguza tanga upepo ukizidi. Hapo ndipo ufundi unapoonekana. Ghala, huko Maskati, walicheza miaka mingi juu ya mchanga.

Palipo na lazima ya kumwagilia, yatumike maji ya hoteli yaliyokwisha kutumika yakasafishwa, na zipandwe nyasi za paspalamu, zinazovumilia chumvi. Kisima cha kijiji kisiguswe. Israfu ya maji tumekatazwa hata kwenye udhu, seuze kwenye majani!

Na mabinti zetu wakitaka kucheza, stara isiwe kisingizio cha kuwazuia. Kitambaa kizito kidogo, pindo pana, ushungi wa kubana na pini mbili. Kaskazi tunaijua, tumeishonea nguo miaka yote.