Kabla ya kumkalisha mtoto kwenye kinanda, mwimbishe kwanza

Chukua mfano wa mama mmoja wa Kiborloni, Moshi mjini. Ni mwanakwaya wa sauti ya pili kwa miaka kumi sasa. Mwezi wa tano alinunua kinanda cha umeme kwa fedha za kikoba. Binti yake wa miaka sita alilala usiku huo akiwa ameshikilia boksi lake.

Mwalimu akawa anakuja kila Jumamosi. Mama alikuwa na mpango mmoja: Desemba, familia itakapopanda Marangu kula Krismasi, mtoto apige wimbo mzima mbele ya babu, bibi na mashangazi watakaotoka Dar es Salaam.

Ilipofika mwezi wa nane, kinanda kilikuwa kimefunikwa kitenge. Kila Jumamosi asubuhi mtoto alilalamika kuwa tumbo linamuuma. Jioni, mwalimu akishaondoka, tumbo lilikuwa limepona.

"Mwanangu, kinanda umekikataa?" mama alimuuliza.

"Sijakikataa, mama. Nota ndiyo sizijui. Zote zinafanana."

Mama akakosa la kusema. Na yeye akiitazama ile mistari mitano haoni kitu. Akajibu kama wazazi wengi wanavyojibu: "Hata mimi sizijui. Muulize mwalimu."

Hapo ndipo alipojidanganya. Mama huyu anajua kusoma muziki. Kila Alhamisi jioni anashika karatasi yenye herufi d, r, m, f, s, l, t na kuimba wimbo ambao hajawahi kuusikia. Anachosoma ni solfa, na solfa ni daraja zuri sana la kumvusha mtoto hadi kwenye kinanda.

Mali iliyoko nyumbani

Wazo la kuzipa sauti majina ni la zamani. Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia, alilitumia katika karne ya 11 kuwafundisha waimbaji wake. Katika karne ya 19 mwalimu Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, alitengeneza njia ya kuandika sauti kwa herufi, na mchungaji John Curwen akaiendeleza kuanzia miaka ya 1840. Lengo lilikuwa watu wa kawaida na watoto waweze kuimba kwa kusoma, hata kama hawana chombo cha muziki.

Wamisionari waliisambaza njia hiyo Afrika. Hadi leo kwaya nyingi za Kilimanjaro, za Kilutheri na za Kikatoliki, hujifunza nyimbo kwa solfa. Juu ya karatasi huandikwa Do ni sauti ipi, kisha herufi hufuata, nukta mbili zikitenganisha mapigo na kistari kikirefusha sauti.

Katika karne ya 20, Zoltán Kodály wa Hungaria alisisitiza jambo ambalo mzazi anaweza kulianza leo jioni: mtoto aimbe kwanza, chombo kifuate. Ndivyo anavyojifunza lugha. Anazungumza miaka kadhaa kabla ya kupelekwa shule kujifunza kusoma na kuandika. Hakuna mzazi anayempa mtoto kitabu kabla hajajua kusema "maji". Lakini kwenye kinanda watoto wengi hupewa alama za kusoma kabla sauti zake hazijaingia masikioni.

Hatua tano za kuanza

Kwanza, imbeni. Chagua wimbo mfupi ambao mtoto anaupenda. Familia isiyo na mwanakwaya itumie wimbo wowote wa chekechea. Mtoto akishaujua kwa maneno, mwimbie mstari mmoja kwa do, re, mi, naye aurudie. Sauti ikipanda, mkono upande. Ikishuka, mkono ushuke.

Pili, pigeni makofi. Tembeeni uani, kila hatua pigo moja. Neno "ndizi" likisemwa ndani ya hatua moja, mtoto amegawa pigo mara mbili. Neno "kahawa" litaligawa mara tatu. Mtoto wa mlimani hahitaji maneno mengine ya kujifunzia mapigo.

Tatu, tafuteni Do kwenye kinanda. Vitufe vyeusi vimepangwa kwa makundi, viwili, kisha vitatu, kisha viwili tena. Kitufe cheupe kilicho kushoto kabisa mwa kundi la viwili huitwa C. Mwambie mtoto azitafute C zote. Katika kinanda cha vitufe 61 atazipata sita. Kwa miezi ya mwanzo C hiyo ndiyo iwe Do. Kidole gumba cha mkono wa kulia, ambacho ni namba 1, kikae juu ya Do, na vingine vinne vifuate juu ya re, mi, fa na so. Nyimbo nyingi za watoto zinaweza kupigwa kwa vidole hivyo vitano bila kuuhamisha mkono.

Nne, chora mstari mmoja tu. Weka kokoto juu ya mstari, kisha nyingine kwenye nafasi iliyo juu yake. Hiyo ni hatua moja ya sauti, kama do kwenda re. Chora mstari wa pili. Kutoka mstari hadi mstari unaofuata sauti imeruka moja, kama do kwenda mi. Mtoto akielewa kupanda, kushuka na kuruka, mistari mitano haitamtisha tena.

Tano, mpe alama mbili za kujielekeza, asikariri zote kwa mpigo. C ya katikati ya kinanda hukaa kwenye kimstari chake chini ya ile mitano. G iliyo juu yake hukaa kwenye mstari wa pili kutoka chini, ule unaozungukwa na alama kubwa ya mviringo inayoandikwa mwanzoni. Nota nyingine atazihesabu kutoka hapo, kama mtu anayejua stendi na soko asivyopotea mjini.

Mzazi wa kwaya akumbuke tofauti moja. Do ya solfa huhama, leo iko C, kesho iko G. Nota ya kwenye mistari mitano haihami, kila moja ina kitufe chake. Mtoto mdogo asichanganyiwe mambo hayo mapema. Akishazoea Do iliyo C, ndipo Do ihamishiwe G.

Tabia ya kubandika herufi kwenye vitufe vyote nayo iangaliwe. Mtoto huzoea kusoma karatasi iliyobandikwa na kuacha nota. Bandika moja tu, kwenye C ya katikati, na uiondoe baada ya wiki chache.

Dakika kumi zinatosha

Mtoto wa miaka mitano hadi saba hawezi kukaa saa nzima. Dakika kumi kila siku zitamfikisha mbali kuliko saa mbili za Jumamosi. Chagua muda usiobadilika, kwa mfano kabla ya chakula cha jioni, na umalizie kwa wimbo anaoumudu ili aondoke akiwa na furaha.

Umeme ukikatika, somo halijafa. Chora vitufe kwenye boksi la katoni, aweke vidole na aimbe sauti anazozigusa. Vinanda vingi vidogo hutumia pia betri.

Mwili na masikio yake

Kinanda kikiwekwa juu ya meza ya chakula, mtoto hunyanyua mabega na kukunja viganja. Baada ya dakika chache anachoka, mzazi anadhani ni uvivu. Viwiko vyake viwe sawa na vitufe, hivyo aongezewe mto wa kukalia. Miguu isining'inie. Kreti ya soda iliyogeuzwa inafaa kuikanyagia. Akisema mkono unauma, aache. Mazoezi hayamtaki mtoto avumilie maumivu.

Mtoto asiyeweza kurudia sauti asiitwe mzito kabla masikio yake hayajapimwa. Mafua ya mara kwa mara yanaweza kuleta maambukizi ya sikio la kati na kupunguza usikivu. Akiuliza "nini?" kila wakati, akiongeza sauti ya televisheni au sikio likitoa usaha, mpeleke kituo cha afya. Kwa Moshi, hospitali ya KCMC ina idara ya masikio, pua na koo. Anayesogeza uso hadi kwenye karatasi apimwe macho.

Kama anatumia spika za masikioni, sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mtoto kuwa desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki, chini ya kile cha mtu mzima ambacho ni desibeli 80.

Na tumbo la Jumamosi? Likijirudia siku ya somo tu na kupona somo likiisha, huenda hofu ndiyo inayoliuma. Hata hivyo, maumivu yanayojirudia yasipuuzwe, daktari ayaangalie. Kiboko au kofi la vidole havijawahi kumfundisha mtoto nota. Humfundisha kuogopa kinanda.

Je, atakuwa na akili zaidi?

Wazazi wengi wamesikia kuwa muziki huongeza akili. Habari hiyo ilivuma baada ya utafiti wa Marekani wa mwaka 1993 kuhusu muziki wa Mozart. Waliopimwa walikuwa wanafunzi wa chuo, hawakuwa watoto, na badiliko lililoonekana lilidumu kama robo saa tu.

Mwaka 2004 mtafiti Glenn Schellenberg wa Kanada alifuatilia watoto 144 wa miaka sita. Waliofundishwa kinanda au kuimba waliongeza alama za vipimo vya akili kidogo tu kuliko wengine. Mwaka 2013 watafiti wa Harvard walipima watoto wa miaka minne na hawakupata faida ya kueleweka.

Kwa hiyo asiyenunua kinanda asijilaumu, na aliyenunua asikigeuze mtihani. Faida iliyo wazi ni muziki wenyewe. Mtoto atajua kusoma wimbo, kusikiliza wenzake, na kurudia jambo gumu hadi liwe jepesi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini ukimkunja kwa nguvu anavunjika.

Desemba inapofika

Mama wa Kiborloni anaweza kuzungumza na mwalimu, wakakubaliana kuweka kitabu pembeni kwa mwezi mmoja. Jioni anaimba solfa na binti yake wakati ndizi zinachemka. Kitenge kinaondoka juu ya kinanda, maana sasa mtoto anakwenda kutafuta sauti anayoijua tayari.

Krismasi ya Marangu huenda isiwe na wimbo mzima. Mtoto atamwamkia bibi, "Shikamoo bibi," naye ataitikia, "Marahaba mjukuu wangu, haya nipigie basi." Atapiga mstari mmoja kwa vidole vitano, na bibi aliyeimba kwaya ujana wake ataupokea kwa sauti ya pili.

Mzazi, hicho ndicho kipimo cha mwaka wa kwanza. Kama baada ya mstari huo mtoto anauliza, "Bibi, tuimbe tena?", umefundisha vizuri.