Kioo Kisichosikia: Dhidi ya Dhana ya "Sinema ya Kichina"

Utangulizi

Miongoni mwa kauli zilizozoeleka mno katika uhakiki wetu ni ile isemayo kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Kauli hii sasa imehamia katika uhakiki wa filamu, na hapana mahali inapopotosha zaidi kuliko katika mijadala kuhusu ile inayoitwa "sinema ya Kichina". Mhakiki huchukua filamu moja ya Taipei, nyingine ya Hong Kong na ya tatu ya Beijing, akazitazama zote kwa kusoma tafsiri ya Kiingereza iliyoandikwa chini ya picha, kisha akatangaza kwamba zinaakisi utamaduni wa Wachina na mabadiliko ya kisiasa yaliyowafika. Makala haya yanapinga utaratibu huo. Tunashikilia kwamba filamu hizi haziakisi utambulisho uliokwisha kuwapo, bali zinaushindania. Uwanja wa ushindani huo ni lugha inayosemwa. Mhakiki asiyeuliza ni lugha gani inayosemwa, na nani, mbele ya nani, hajaisoma matini anayodai kuihakiki.

Yafaa ieleweke mapema kwamba Kimandarini, Kikantoni na Kihokieni vinashirikiana kwa kiasi kikubwa katika maandishi, lakini katika mazungumzo msemaji wa kimoja hamwelewi msemaji wa kingine. Hata hivyo, ni desturi kukiita Kimandarini lugha ya taifa na vingine vyote lahaja. Uteuzi huu wa majina si wa kiisimu pekee. Ni tamko kuhusu nani mwenye taifa na nani mpangaji ndani yake.

Taiwan: Ukimya Unaosema

Chukua mfano wa filamu ya Hou Hsiao-hsien ya mwaka 1989, Beiqing chengshi, yaani Mji wa Huzuni, iliyotuzwa Simba wa Dhahabu huko Venice mwaka huohuo. Inahusu familia moja ya Taiwan tangu Japani iliposalimu amri mwaka 1945, baada ya kukitawala kisiwa hicho kwa miaka 50, hadi mwaka 1949. Katikati ya kipindi hicho kuna mauaji yaliyofuata maasi ya Februari 28, 1947, ambayo hayakuweza kuzungumzwa hadharani chini ya sheria ya kijeshi iliyodumu kuanzia 1949 hadi 1987.

Msomaji wa tafsiri ataona hapa msiba wa familia na ukatili wa serikali. Hayo yamo. Lakini sikio husikia jambo lingine. Filamu inaanza kwa sauti ya mfalme wa Japani redioni, kwa Kijapani. Watu wa nyumbani wanasema Kihokieni. Maafisa wapya waliotoka bara wanaleta Kimandarini. Wakuu wa familia hiyo wanapokutana na wahalifu wa Shanghai kujadiliana, maneno hayana budi kupitia kwa wakalimani, kutoka Kihokieni hadi Kikantoni hadi Kishanghai, na kurudi. Hao ndio watu ambao siasa ilikuwa imewatangaza kuwa ndugu waliorejeana! Tafsiri inayogeuza lugha zote hizo kuwa Kiingereza kimoja imefuta kwa mkono mmoja hoja kuu ya mtunzi.

Fauka ya hayo, mhusika mkuu, Wen-ching, ni kiziwi asiyesema. Inajulikana kwamba mwigizaji wake, Tony Leung Chiu-wai wa Hong Kong, hakujua Kihokieni, na kwamba hilo lilichangia uamuzi wa kumfanya mhusika huyo bubu. Wapo watakaosema kwamba basi ukimya huo ni ajali tu ya utengenezaji. Sisi tunaona kinyume chake. Ndani ya garimoshi, wakati wa maasi, wanaume wenye silaha wanamwuliza Wen-ching atokako, kwa Kihokieni kisha kwa Kijapani, ili wamtambue mtu wa bara kwa ulimi wake. Anajitahidi kutoa sauti kwamba yeye ni Mtaiwan, na nusura apigwe kwa kuwa sauti hiyo haitoshi. Hapa utambulisho ni mtihani unaofanywa kwa ulimi, na asiyefaulu huumia. Dhana ya kioo haina nafasi ya kulieleza tukio hili, maana kioo huonyesha nyuso, na nyuso ndani ya behewa lile hazikutofautiana.

Aidha, Hou hakuanza patupu. Kuanzia miaka ya 1950, Taiwan ilitengeneza zaidi ya filamu 1,000 kwa Kihokieni, na nyingi kati ya hizo zimepotea. Sinema hiyo ilififia katika miaka ya 1970, wakati fedha na heshima zilikuwa upande wa Kimandarini. Mhakiki anayeandika historia ya "sinema ya Kichina" bila kutaja kifo hicho anakiidhinisha.

Hong Kong: Zaidi ya Kalenda

Kuhusu Hong Kong, wahakiki wana ugonjwa wa namna nyingine: kila filamu husomwa kama saa inayohesabu siku kuelekea Julai 1, 1997, Uingereza ilipolirejesha koloni hilo kwa Uchina. Makopo ya mananasi yenye tarehe za mwisho katika Chungking Express ya Wong Kar-wai (1994) yamefasiriwa hivyo mara nyingi mno. Hatukatai ishara hiyo. Tunauliza tu kwa nini wanaoihesabu tarehe hawasikii kwamba kijana yuleyule, ndani ya baa, anamwuliza mwanamke swali moja kwa Kikantoni, Kijapani, Kiingereza na Kimandarini, akitafuta lugha atakayojibiwa. Hilo ni suala la mji mzima, nalo halikuisha mwaka 1997.

Wala halikuanza na mkataba wa 1984 kati ya Uingereza na Uchina. Mnamo mwaka 1972 filamu za Kikantoni zilikuwa karibu zimetoweka katika mji ambao wakazi wake wengi walisema Kikantoni. Ilikuwa vichekesho vya Chor Yuen kuhusu nyumba yenye wapangaji 72, mwaka 1973, vilivyowarudisha watazamaji kwa lugha yao, vikaishinda hata filamu ya mwisho aliyoikamilisha Bruce Lee kwa mapato ya mjini humo. Miongo minne baadaye, filamu ya Ten Years (2015) ilikuwa na sehemu kuhusu dereva wa teksi anayenyimwa maeneo ya kupakia abiria kwa kuwa hajui Kimandarini vya kutosha. Aprili 2016 ilitunukiwa tuzo ya filamu bora ya Hong Kong. Mnamo Oktoba 2021 sheria ya udhibiti wa filamu ilirekebishwa ili kuruhusu marufuku kwa misingi ya usalama wa taifa. Kadiri uwanja wa kusema unavyopungua, ndivyo sauti zilizokwisha kurekodiwa zinavyohitaji wasomaji wenye masikio.

Pingamizi Mbili

Huenda tukaambiwa kwamba tunaitukuza lugha ya kienyeji kana kwamba ni ukweli wenyewe. La hasha. Kikantoni cha 1973 kilirudi kwa sababu kiliuza tiketi, na filamu nyingi za Kihokieni zilikuwa hadithi za mapenzi na machozi zilizotengenezwa haraka. Hoja yetu si kwamba lugha fulani ni safi, ila kwamba uteuzi wake daima una gharama na faida, na gharama hiyo ni sehemu ya maana.

Pingamizi ya pili ni kwamba Crouching Tiger, Hidden Dragon ya Ang Lee (2000) imethibitisha kuwapo kwa umoja wa kitamaduni. Isikilizwe tena. Chow Yun-fat anasema Kimandarini chenye lafudhi ya Hong Kong, Michelle Yeoh cha Malaysia, Chang Chen cha Taiwan, na Zhang Ziyi cha Beijing. Shu-mei Shih alilieleza hili kinagaubaga mwaka 2007: masikio yaliyoijua lugha yalisikia mtawanyiko pale ambapo watazamaji wa Magharibi waliona Uchina mmoja wa kale. Umoja huo ulikuwa kwenye macho ya watazamaji hao.

Hitimisho

Sisi wa idara za Kiswahili hatuna udhuru katika jambo hili. Hakuna hata mmoja wetu angekubali tasnifu kuhusu Mombasa ya Muyaka iliyoandikwa na mtu aliyesoma tafsiri za Kiingereza pekee, asijue kwamba Kimvita si Kiunguja, wala kwamba kukiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kulikuwa uamuzi wa wenye mamlaka. Tungeirudisha. Kwa nini basi tunaipitisha tasnifu ya aina hiyohiyo inapohusu Taipei?

Hatudai kwamba kila mhakiki ajifunze Kikantoni kabla ya kuandika. Tunadai ataje lugha za filamu anayoihakiki, aulize iwapo sauti ni ya mwigizaji au imebandikwa baadaye, aonyeshe nani anaelewa na nani haelewi, na akiri pale ambapo tafsiri imemficha jambo. Asiyeweza kufanya hivyo na aandike kuhusu picha, aache neno utambulisho.